Rafu ya Gambia

Mvua ilipoanguka mchana ule, nusu ya mji iligundua ghafla kwamba inapenda kusoma. Maktaba kuu ilifurika mpaka ngazini. Wanafunzi wa mitihani walikuwa wameteka viti tangu asubuhi, na sasa wakaingia makarani na viatu mkononi, wauza miavuli waliolowa chapachapa, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliyeomba kitabu chochote chenye picha ili asionekane amekuja kujikinga tu.

Nyuma ya meza ya kuazimia vitabu alikaa mkutubi aliyevaa blauzi nyeupe ya kola ya duara na sketi ya kijani, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi wa shanga. Wasomaji walimwita Bi Polepole. Ndilo neno alilowaambia waliofungua kurasa kwa pupa, waliokimbia ngazini na waliocheka kwa sauti. Alikuwa na umri ambao shangazi yake aliutaja kwa kuguna. Mchumba alikuwa naye zamani, akaondoka kwenda kutafuta maisha, na maisha hayo yakamnogea asikumbuke njia ya kurudi.

"Dada, samahani. Kuna pa kunawa mikono?"

Aliinua macho. Mwanamume wa ovaroli la buluu alisimama mbele yake, mikono ameificha nyuma kama mtoto aliyeiba sukari.

"Bomba liko nyuma, ila ni la wasomaji."

"Mimi ni msomaji. Ndiyo maana nataka kunawa."

Alirudi mikono ikinuka sabuni, ingawa oili ilikuwa imegoma kutoka kwenye kucha. Akainama kidogo, kama anayetaka kununua kitu cha magendo.

"Nataka vitabu kuhusu Gambia."

"Gambia yenyewe?"

"Yenyewe. Ile nyembamba."

"Unataka vya historia, au vya watalii, vyenye picha?"

"Historia. Picha nitaziona mwenyewe."

Mkutubi alijikuta anatabasamu. Tangu aanze kazi hakuna aliyewahi kumwulizia nchi ile. Angependa kujua fundi huyu kapata wapi hamu hiyo, lakini hakuuliza. Mama aliyemfundisha kazi alimwachia sharti moja kubwa kuliko yote: msomaji haulizwi kitabu anakitakia nini. Anayesoma habari za sumu huenda anaandika tamthilia, na anayesoma sheria za talaka huenda ni wakili. Ukimchokonoa, kesho humwoni. Bi Polepole alilishika sharti hilo kama wengine wanavyoshika sala.

"Tunavyo vitatu," alisema, "na kimoja mchwa wamenitangulia. Anza na hiki cha kijani. Kitakueleza kwa nini nchi nzima imeufuata mto huku na huku, jirani mmoja akaizunguka pande zote isipokuwa baharini."

"Kwa nini?"

"Waingereza walishika mto, Wafaransa wakashika kilichobaki. Wapo wanaosema mpaka ulipimwa kwa mzinga wa meli, pale kombora linapoangukia ndipo nchi inapoishia."

"Kweli hiyo?"

"Cha kijani kinasimulia hivyo. Hiki cha kahawia kinakanusha. Ndiyo maana nakupa vyote viwili."

Fundi akavipokea kwa ncha za vidole. "Wewe ni hatari, Bi Polepole."

"Nani kakwambia jina hilo?"

"Wote humu ndani wananong'ona."

Akarudi wiki iliyofuata, amevaa shati lililopigwa pasi hadi likakakamaa, na vitabu amevifunga kwa gazeti visichafuke. Alikuwa amevisoma kweli. Alibisha habari za ule mzinga kama aliyekuwepo. Mkutubi akamtafutia kingine ghalani, juu ya kile kisiwa kidogo katikati ya mto ambako mateka walifungiwa kabla ya kuuzwa ng'ambo. Hicho fundi alikirudisha, akakaa akiutazama ubao wa meza. Mkutubi akampa cha karanga, namna wakulima walivyolishwa zao moja mpaka nchi ikawa inaomba mchele. Kisha kikaja cha wasimulizi wa koo, watu wanaobeba historia ya karne nyingi kichwani na kuitoa kwa wimbo na ala ya nyuzi.

Vya maktaba vilipokwisha, aliazima vya chuo kikuu. Kwa nani mwingine alijisumbua hivyo? Hakuna. Na simu nazo zikaanza.

"Halo, mpenzi. Unafanya nini?"

"Nachambua mchele. Neno hilo la mwanzo nani kakuruhusu?"

"Limeteleza. Nimelewa."

"Umelewa nini?"

"Sura ya tano."

Shangazi mtu, mshonaji mstaafu ambaye macho yalizimika kabla ya cherehani kuchoka, alikuwa akikaa kitini kwake na kusikiliza upande mmoja wa mazungumzo. "Huyo wa Gambia?" angeuliza. "Mwambie asome kwa sauti, na mimi nipate."

Fundi alikuwa anatengeneza injini za vivuko. Siku za mapumziko walitembea barabara ya maduka ya vitambaa, mkono wake umemshika mkutubi kiwiko penye msongamano, na mkutubi akijitia haoni. Alikuwa anaongea juu ya mto ule kama jirani yake. "Pale mdomoni mkondo ni mkali," angesema, "injini isiyo na nguvu itahangaika." Au, "Nimeanza kujifunza salamu zao. Ni ndefu, unaulizia ukoo mzima." Mkutubi alicheka na kumsahihisha matamshi, ingawa na yeye hakuyajua.

Na tuseme ukweli, maana hadithi isiyosema ukweli haina kazi. Zilikuwepo jioni ambapo swali lilimfika ulimini. Unavisomea nini vitabu hivi vyote? Akalimeza. Alijiambia ni sharti la kazi. Kumbe sharti lilimpa tu pa kujificha, kwa sababu aliogopa jibu. Na ndiyo sababu chini ya meza yake, nyuma ya boksi la mihuri, kilikaa kitabu kimoja chenye jalada jekundu, kizuri kuliko vyote vilivyoandikwa juu ya nchi ile, ambacho angepaswa kumpa siku ya kwanza. Hakumpa. Aliona kwamba akishamaliza hicho, hatakuwa na sababu ya kuja tena.

Siku moja fundi aliingia maktaba imekaribia kufungwa. Aliweka vitabu mezani, akavipanga sawasawa.

"Leo sichukui kingine," alisema. "Naondoka Alhamisi."

"Unaondoka kwenda wapi?"

Fundi alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. "Gambia. Kwenye vivuko. Mkataba wa miaka miwili." Akamtazama vizuri. "Mpenzi, si unajua?"

"Nijue kutoka wapi?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilikwambia picha nitaziona mwenyewe. Mtu gani anasoma vitabu vyote hivi juu ya nchi ndogo kama ile kama haendi?"

"Watu wanasoma," alisema mkutubi. "Hapa ni maktaba. Watu wanasoma mambo ya mwezini, wala hawaendi."

"Hukuniuliza hata mara moja."

"Na wewe hukusema."

"Nilisema kila siku. Ule mkondo, zile salamu. Ulifikiri nafanya mashairi?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Kila nilipokuja hapa nilingoja useme neno moja. Usiende. Badala yake ukainuka, ukaniletea kitabu kingine. Nikasema basi, mwanamke huyu ananifungasha mizigo mwenyewe. Nikatia saini."

Mlinzi alikuwa amekwisha kuzima taa za upande wa watoto. Mkutubi alitaka kumwambia kwamba kila kitabu kilikuwa kamba ya kumvutia arudi, lakini akilini alimwona yule mchumba wa zamani amesimama mlangoni na sanduku, na hasira ikamtangulia.

"Safari njema," alisema. "Usisahau kurudisha kadi."

Fundi akaitoa kadi ya maktaba mfukoni, akaiweka mezani, akatoka. Hakubamiza mlango, na hilo lilimuuma mkutubi zaidi.

Siku zilizofuata alikuwa mtu wa kujikwaa. Aligonga mhuri juu chini. Alimwambia profesa mmoja kwamba vitabu vya kilimo viko ghorofa ya tatu, na jengo lina ghorofa mbili. Simu ililia mara kadhaa akaiacha ilie, kisha ikaacha kulia, naye akaanza kuichungulia kila saa.

"Chakula hakina chumvi," alisema shangazi.

"Nitaongeza."

"Kaa chini kwanza. Kijana anaenda lini?"

"Alhamisi. Mwache aende. Mimi nitakuacha na nani hapa? Hata uzi huwezi kutunga."

Shangazi aliweka kijiko pembeni, akaupapasa mkono wa mpwa wake mpaka akaupata. "Macho yangu usiyafanye kisingizio. Sijakwambia umfuate. Nakuuliza kama umemwambia unachotaka."

"Ameshatia saini, shangazi. Nikimwambia sasa kutasaidia nini?"

"Sijui kutasaidia nini. Najua yule wa kwanza hukumwambia, ukasema una heshima zako. Heshima hiyo umeila na nini?"

Mkutubi alilia pale pale, juu ya sahani, bila kujificha, maana wa kumwona hakuwepo. Shangazi alimsikia na akamwacha alie.

Jumatano alivaa gauni la zambarau lililokuwa likingoja sherehe kabatini, akapitia kazini, kisha akaenda karakana ya vivuko. Palikuwa na vumbi la chuma na kelele za msasa, na mafundi walimpisha wakitazamana. Kijembe kimoja kilirushwa nyuma yake, "Leo fundi anakaguliwa," akajitia hajasikia. Alimkuta amelala chini ya injini iliyoning'inizwa kwa minyororo, miguu tu ikionekana.

"Toka huko," alisema.

Miguu ilitulia. Fundi akajivuta nje, akakaa sakafuni, spana mkononi.

Mkutubi alikitoa kitabu chekundu mkobani. "Hiki ndicho cha kwanza kusomwa. Nilikificha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni cha mwisho. Ungekimaliza usingerudi." Alisema haraka, asije akajirudi. "Sikuwa nakufungasha mizigo. Kila kitabu nilikupa ili uje ukirudishe. Sijui njia nyingine ya kumwita mtu. Nimefanya kazi ile mpaka nikawa kama kabati."

Fundi alikitazama kile kitabu, kisha akamtazama yeye.

"Na sasa nakuuliza, na sijawahi kumwuliza msomaji yeyote. Kama ni vivuko tu, injini ni injini. Historia yote ile uliitakia nini?"

Fundi aliizungusha spana. "Kazi yangu ya kwanza ya nje nilikaribishwa kwa msimamizi wetu, mtu mwema. Uani palikuwa na nyumba isiyo na paa. Nikamuuliza nikicheka, vipi, mabati yaliadimika? Mkewe akainuka akaingia ndani. Ndimo wazazi wake walimochomewa wakati wa vita. Nchi nzima inajua habari za vita ile, mimi ndiye sikujua." Akatazama mikono yake. "Nikaapa sitaingia tena kwa watu bila kujua yaliyowapata. Nikasomea Gambia. Kumbe ningeanza na wewe."

"Mimi yalinipata ya kawaida. Mtu alienda, hakurudi."

"Ndilo nililopaswa kulijua."

Kelele za msasa zilikoma. Mafundi wote walikuwa ghafla wana kazi ya kimya. Mkutubi aliona akisubiri tena hatasema kamwe.

"Usiende," alisema.

Fundi alifumba macho. "Rudia."

"Usiende. Nakupenda, usiende."

Alisimama, akajifuta mikono kwa kitambaa mpaka kitambaa kikachoka. Alikuwa analia na anatabasamu, na hakujua aanze na lipi. "Nimetia saini, mpenzi. Lazima niende. Lakini nilikuwa naenda kama mtu aliyefukuzwa. Sasa naenda nikiwa na kwetu."

Hilo halikumtosha mkutubi, tusidanganyane. Alikuja akitaka abaki, na alikuwa haondoki na alichokijia. Akamkabidhi kitabu.

"Nimekiazima kwa jina langu. Cha maktaba hakiruhusiwi kuvuka mpaka. Kikipotea namwaga unga."

"Unaweka kazi yako rehani?"

"Sina kingine cha kukufunga nacho."

Fundi alikifungasha kwa kitambaa safi, akakiweka kifuani ndani ya ovaroli. "Likizo yangu ya kwanza nakileta mwenyewe. Nikitoka maktaba nakwenda kwa shangazi, nimevaa koti, na mjomba wangu mbele. Utanipokea?"

"Kirudi kwanza."

Alisema hivyo, lakini kichwa kilikuwa kimemwangukia begani, na oili ikaingia kwenye gauni la zambarau. Haijatoka mpaka leo.

Alhamisi hakwenda kumsindikiza. Alifungua maktaba kama kawaida, akapanga kadi, akatazama saa ya ukutani pale ndege ilipopaswa kuruka. Msichana mwembamba akaja mezani, akaulizia kitabu cha kujifunza lugha ya kigeni kwa haraka.

Bi Polepole alianza kuinuka aende rafuni. Akakaa tena.

"Mwanangu," alisema, "unakwenda wapi, na kwenu wanajua?"