Namba Zisizo na Sauti

Jumatatu, tarehe 9 Februari 1942. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa kali, theluji imeganda hadi kwenye vitasa vya milango.

"Wendelin, turudi nyumbani," Ottilie alisema kwenye benchi la ofisi ya afya. "Sitaki tena kuolewa."

"Unasemaje? Padri ametutangaza mara tatu, mama ameazima sukari mtaa mzima, leo ndiyo hutaki?"

"Masikio yangu yanakufa. Kama ya kaka Anselm."

Anselm alikuwa kiziwi. Serikali ilimfunga kizazi ili asizae viziwi wengine, kisha ikamchukua kwa basi la kijivu, pamoja na wengine iliowaona hawafai kuishi. Nyumbani yalirudi majivu yake na barua iliyosema amekufa kwa nimonia.

"Miaka miwili hii umenisikiaje?"

"Nasoma midomo yako."

"Kumbe! Nami nilidhani unanikodolea macho kwa sababu mimi ni mzuri."

"Mzuri na masizi hayo?" Ottilie alicheka huku analia. "Daktari atasimama nyuma yangu anong'one namba. Nikikosa, hakuna cheti cha ndoa. Na mimi watanifunga kizazi."

Wendelin alikuwa mtia makaa kwenye treni. Kwa kelele za injini, yeye na dereva wake walizoea kuongea kwa midomo tu.

"Nitakaa mbele yako," alisema. "Nitazame mimi."

"Wakikukamata?"

"Nitazame mimi, Ottilie."

Kwa kubana makaa, chumba kimoja tu kilikuwa na moto, kwa hiyo wachumba waliingia pamoja. Daktari Hasselkamp alisimama nyuma ya Ottilie, akanong'ona, macho kwenye karatasi yake. Midomo ya Wendelin ikacheza.

"Arobaini na saba," Ottilie alisema.

Ikacheza tena.

"Themanini na mbili."

Daktari aliinua kichwa ghafla. "Wewe! Unatafuna nini?"

"Nasali, Bwana Daktari."

"Unaomba nini?"

"Mke."

"Geukia ukutani!"

Wendelin aligeuka. Ottilie alibaki na mgongo wa koti lake tu. Ee Bwana, usiniache, aliomba moyoni. Kimya kilikuwa kile kile, awe daktari amenong'ona au hajanong'ona.

Mezani, muuguzi Gundula aliacha kuandika. Alimtazama Ottilie usoni, akafungua midomo polepole bila sauti.

"Sitini na tatu," Ottilie alisema.

"Vizuri. Mwandikie cheti."

Gundula alipomkabidhi karatasi, midomo yake ilicheza tena: *Nilikuwa na mdogo wangu, kiziwi. Naye walimchukua.*

Jumamosi, Gundula na dereva wa treni walisimama kanisani kama mashahidi. Padri alisoma huku ameinamia kitabu, na Ottilie hakupata hata neno moja. Wendelin akamshika kidevu, akamgeuzia kwake.

"Ottilie," alisema kwa sauti, kanisa zima likisikia, "mbele za Mungu na mashahidi hawa wawili, nakuchukua uwe mke wangu. Na kila nitakalokuambia, nitakuambia nikikutazama usoni, mpaka kufa."