Posa ya Ukumbini

Tekla alimkataa Hilari mbele ya watu arobaini, na Hilari akaamini. Kesho yake aliomba uhamisho, na kabla ya wiki kwisha alikuwa karani wa tiketi Kaliua.

Walikuwa wamejuana kwenye dirisha la tiketi la Hilari, stesheni ya Tabora, siku abiria wa Mwanza wamejaa tele. Tekla, fundi cherehani, alivaa gauni la maua ya njano alilolishona mwenyewe. Hilari alimwuliza mara mbili anakokwenda, na mara mbili akasahau.

"Bukene, kaka. Au nikuandikie?"

"Niandikie. Na jina lako pia."

Kwa ajili yake Hilari akajiunga na darasa la maigizo kwenye ukumbi wa Kanyenye. Tekla alikuwa na miaka mitatu humo. Hilari hakujua hata pa kuweka mikono.

Mwalimu Mfaume, aliyekuwa akiwachekesha askari wenzake Burma wakati wa vita, hakutumia maandishi. Aliita wawili, akamnong'oneza kila mmoja jambo lake, kisha wakacheza papo kwa papo. Aliyelitoa nje neno aliloambiwa alifukuzwa. "Ukilitoa," alisema, "nani atathubutu kucheza na wewe tena?"

Jumamosi moja ya Juni 1953 ndugu na jamaa walialikwa kutazama. Hilari aliambiwa aombe kitu kikubwa. Tekla aliambiwa: lolote atakaloomba, kataa, na watu wacheke.

Hilari alisimama na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono.

"Tekla, nataka nikuoe."

"Wewe? Nikikuanika juani utakauka kabla ya muhogo!"

Ukumbi ukacheka.

"Nina kazi ya kudumu."

"Ya tiketi? Basi nikatie ya kwenda mbali na wewe!"

Hapo Tekla akayaona macho yake, akajua haigizi. Angeweza kunyamaza. Lakini kicheko kilikuwa kitamu, akaongeza la tatu, baya kuliko yote.

Barua nne Tekla alizomwandikia Hilari huko Kaliua zilirudi hazijafunguliwa. Mei iliyofuata alikwenda kwa Mfaume.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka kumwambia Hilari ulichoninong'oneza."

"Ukimwambia, ukumbini hurudi."

"Najua."

"Na onyesho la Julai? Nimelijenga juu yako."

"Najua, mwalimu."

Alitoka hapo moja kwa moja mpaka stesheni, kwa Omari, mtu wa simu ya reli.

"Dada, simu hii ni ya treni, si ya mapenzi."

"Basi sema kuna treni imechelewa miezi kumi na moja."

Omari alicheka, akazungusha mkono wa simu.

"Kaliua. Hilari hapa."

"Ni Tekla. Siku ile niliagizwa nikukatae."

"Mpaka mwisho?"

"Mwanzo niliagizwa. Mwisho nilijua unasema kweli, nikaendelea. Watu walikuwa wanacheka."

"Niliwasikia."

"Nisamehe, mpenzi. Niulize tena."

"Siulizi tena. Safari hii uliza wewe, na Omari asikie."

"Omari yupo, masikio yamemsimama. Hilari, utanioa?"

"Sema kwa nguvu, huku upepo mwingi."

"UTANIOA?"

Abiria wote waligeuka.

"Nilisikia tangu mara ya kwanza," Hilari alisema, na sauti yake ilikuwa inacheka. "Nitakuoa, bibie."

Walifunga ndoa Septemba. Miezi kumi na moja ilikuwa imekwenda bure. Tekla hakukanyaga tena jukwaa. Nafasi yake alipewa Koleta wa darasa lile lile, na watu walisema hakuwa mbaya. Hilari alibaki Kaliua, kwa kuwa dirisha lake la Tabora lilikuwa na mtu mwingine. Na mama yake Hilari, aliyekuwa akiuliza habari za mkwe kila mwanawe alipokwenda kumsalimu, alizikwa mwezi wa pili, kabla ya simu ile. Tekla hakumwona hata siku moja.