Jina Katika Kitabu cha Novemba

Ijumaa ile Sista Pulchérie alinituma nikalete kapu. Ni kazi ndogo. Unatoka jikoni kwa masista, unavuka uwanja wa shule, unaingia kanisani, unachukua kapu lililo mbele ya altare, unarudi. Jua lilikuwa limeshazama. Wanafunzi walikuwa wakiosha sahani kwenye bomba, na nilisikia bati likigonga bati.

Kapu lenyewe ni la majina. Kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, watu wa shule yetu hapa katika kambi ya Nakivale, Uganda, huandika majina ya wafu wao kwenye vikaratasi na kuviweka humo. Majina yananakiliwa katika kitabu cheusi. Kuanzia tarehe mbili, yanasomwa yote katika misa ya saa moja asubuhi, kila siku, mpaka mwezi uishe. Sisi ni wakimbizi, Wakongomani na Warundi. Majina yetu huchukua muda mrefu kuliko mahubiri.

Aliyekuwa akinakili ni mimi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nina miaka kumi na saba. Niliacha shule nikiwa sinia ya pili, yaani kidato cha pili, mgongo wa mama ulipokataa kulima na wadogo zangu wakakosa mtu wa kuwapikia. Tangu hapo nafanya kazi jikoni kwa masista. Nawapikia wasichana niliokuwa nakaa nao dawati moja.

Mwezi wa kumi Sista Pulchérie alituambia kwamba Januari kutakuwa na nafasi mbili za kurudi darasani, kwa wasichana waliofiwa na baba. Tulikuwa watatu tuliozitaka: mimi, Élyse na Bénédicte.

"Nitawatafuta baba zenu katika kitabu cha Novemba," alisema. "Ndani ya kitabu hicho hakuna anayedanganya."

Mimi nilidanganya.

Baba yangu, Baudouin Mutware, hakufa. Alipotea. Tulipokimbia kutoka Fizi, Kongo, alirudi nyuma kumsaidia mzee mmoja, akatuambia tutangulie, atatukuta. Hiyo ni miaka mitatu. Mama hakuwahi kukubali asomewe misa. Jina la baba lilikuwa bado kwenye karatasi yetu ya familia pale Base Camp, ofisi kuu ya kambi, na kila walipotaka kulitoa, mama alipiga kelele mpaka wakaliacha.

"Mufu ana kaburi," aliwaambia. "Munionyeshe kaburi."

Lakini mama hajui uchungu wa kusimama dirishani na sufuria, unasikia swali la hesabu, jibu unalo, na huna ruhusa ya kunyoosha mkono. Nilichukua kikaratasi. Niliandika: Baudouin Mutware, baba. Nikakinakili mwenyewe.

Basi, Ijumaa ya wiki ya pili. Niliingia kanisani kwa mlango wa pembeni.

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu.

Mawese. Si mafuta ya dukani yaliyolala kwenye dumu. Mawese ya moto, yanayotoka kukamuliwa sasa hivi, kama yale ambayo baba alikuwa akipika kule Fizi, na nguo zake zote zilinuka hivyo. Kanisani hakuna moto. Jikoni tulikuwa tumepika maharage kwa mafuta ya alizeti.

Nikasimama... nikasikiliza.

Mtu alikuwa amekaa benchi ya mwisho. Alikuwa ameinama, paji la uso limeegemea mikono. Giza lilikuwa limeshajaa upande ule. Niliona mabega tu.

"Baba, tunafunga," nikasema polepole.

"Funga. Mimi niko njiani." Sauti ilikuwa ya chini, kavu, kama ya mtu aliyetembea siku nzima bila maji. "Mutoto, ile majina munasoma asubui, ni ya nani?"

"Ya marehemu."

"Bote? Bote balikufa?"

Nilitazama kapu mbele ya altare.

"Kuko moja haiyafika bado," akasema. "Munamuita kila siku kwa bafu, kwa bale balikufa. Yee anakuya kwenu, munamuita, anageuka. Anarudia fasi ya nyuma. Kesho yake anaanza tena. Munamuita tena." Nilisikia akimeza mate. "Amechoka sana, mutoto."

Nilitaka kuuliza jina. Sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nalijua.

Nje, Yonatani, mlinzi wetu, akagonga rimu ya gari inayotumika kama kengele ya shule. Nilishtuka nikageuka dirishani. Nilipotazama tena, benchi ilikuwa tupu.

Sikusikia hatua. Sikusikia mlango.

Nilichukua kapu nikatoka mbio. Yonatani alikuwa bado ameshika nondo.

"Nani ametoka humo?"

"Mimi iko hapa tangu saa kumi," alisema kwa Kiswahili chake cha mjini Mbarara. "Mtu hapana ingia. Wewe tu, nyabo, dada yangu."

"Mwanaume. Amekaa nyuma."

Alitazama mlango wa kanisa, kisha akatazama viatu vyake. "Enda jikoni," akasema. "Mimi nafunga." Lakini hakusogea. Mpaka nilipofika jikoni nilimwona amesimama palepale.

Sikulala vizuri, na asubuhi akili ikaanza kutafuta njia. Nani anauza mawese? Ulrich, mjomba wake Bénédicte. Ana kibanda katika kijiji cha Misiera, na nguo zake hunuka mafuta hata Jumapili. Nani angepata faida nikiogopa na kulifuta jina la baba? Bénédicte. Nafasi mbili, wasichana watatu. Nilipofikiri hivyo hofu ilipungua, ikaja hasira, na hasira ni nyepesi kubeba.

Nilikwenda Misiera na chupa ya nusu lita. Ulrich alikuwa akimimina mafuta kwa kata, jicho moja limefumbwa.

"Ah, Eugénie. Masista wanakula mawese siku hizi?"

"Ni ya mama."

"Mama yako ananikimbia. Anasema yangu inakwaruza koo." Akacheka. "Mwambie koo ndiyo mbaya, mafuta ni safi."

Nilimtazama mabega. Yalikuwa mapana. Yule wa kanisani alikuwa mwembamba, lakini giza hupunguza watu.

"Papa Ulrich, wewe husali kwenye kanisa la shule?"

Kata ilisimama hewani. Uso haukucheka tena.

"Ijumaa mimi nilikuwa Mbarara," akasema. "Nililala kulekule, Kakiika, kwa shemeji. Nilifuata madumu."

Nilichukua chupa yangu nikaondoka. Nilikuwa nimefika karibu na barabara kubwa ndipo nikasimama.

Sikuwa nimemtajia Ijumaa.

Jumatatu nilihudhuria misa, nikakaa nyuma, benchi ileile. Kulikuwa na doa kwenye mbao, la mviringo, jekundu kidogo. Élyse ndiye aliyekuwa akisoma majina. Alisoma polepole, kwa heshima. Alipofika kwa Baudouin Mutware, mlango mkubwa nyuma yangu ulilia kidogo. Kama mtu aliyekuwa ameushika kutaka kuingia... akauachia.

Harufu ikapita juu ya vichwa.

Sista Pulchérie, mbele kabisa, aliinua uso. Baada ya misa aliuliza, "Nani anapika mawese asubuhi hii?" Wasichana walitazamana. Bénédicte alinitazama mimi.

Kwa hiyo sikuwa peke yangu niliyenusa. Sikujua kama hilo linanifariji.

Siku iliyofuata mchana, mimi na mama tulikuwa tukichambua maharage nyumbani, simu ikaita. Alikuwa dada mmoja anayefanya kazi ya kutafuta waliopotea, kule mpakani ambako wakimbizi wapya wanapokelewa. Mama aliweka sauti kubwa.

"Mama, una ndugu anaitwa Baudouin Mutware?"

Mama alisimama ghafla. Aliangusha ungo.

"Yuko hapa. Ni dhaifu lakini yuko. Nilichelewa kukupigia kwa sababu kuna tatizo. Anakataa kupanda basi."

"Anakataa namna gani?" Mama alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Asubuhi tunasoma orodha ya majina, watu wanaitika, wanapanda. Yeye tukimwita anasimama vizuri kabisa. Halafu anageuka, anaanza kutembea kurudi Kongo. Walinzi wanamfuata kumrudisha. Kila siku hivyo hivyo. Tukimwuliza, anasema kuna fasi ingine wanamwita."

Mama alikuwa akilia na kucheka. Mimi niliinamia simu.

"Mnasoma saa ngapi?"

"Saa moja."

"Tangu lini?"

Nilisikia akifungua karatasi. "Amefika tarehe mosi. Tangu tarehe mbili."

Sikumwambia mama kitu. Nilikimbia mpaka shuleni bila viatu.

Sista Pulchérie alikuwa sakristia, anakunja vitambaa vya altare. Ni mama mfupi, Mrundi, hasemi sana. Nilipiga magoti nikamwambia yote: kikaratasi, nafasi, mtu wa benchi, simu. Niliposema neno nafasi sauti yangu ilikatika, kwa sababu nilijua naipoteza wakati uleule ninapoitaja. Kama baba yu hai, sina haki. Kama sina haki, nitapika maharage mpaka nizeeke.

Hakunigombeza. Hilo liliniogopesha zaidi.

"Jina limesomwa mara ngapi?"

"Kila siku, Sista."

Alikwenda kwenye benchi ya mwisho. Aligusa doa kwa kidole, akakinusa, akakifuta kwenye kitambaa, akakikunja kitambaa hicho kando na vingine.

"Yule mtu, mwanangu. Alikuwa mmoja?"

"Mmoja, Sista."

"Una hakika?"

Nilikuwa nimeona mabega tu. Nilisema nina hakika.

Alifungua kitabu, akatafuta mstari, akapiga wino juu ya jina la baba, mara moja, mara mbili, mpaka herufi zikaisha. "Usimwambie Bénédicte, wala yeyote," akasema. "Nafasi nitawapa wale wawili. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Ni vizuri umesema." Lakini hakunitazama aliposema hivyo. Alikuwa akiutazama mlango mkubwa.

Kesho yake saa moja majina yalisomwa bila baba. Saa tatu simu ya mama ikaita. Amepanda basi.

Basi lilikuwa lipumzike Mbarara kabla ya kuendelea Nakivale, na Sista alikuwa na safari ya Kakiika kuchukua hostia kwa masista wa huko. Alitubeba kwenye gari, mimi na mama. Mama alivaa kitenge cha ndoa. Njia nzima aliongea, mama ambaye nyumbani huongea kwa mabega tu.

Tulilikuta basi limeegeshwa kando ya barabara, chini ya mlima wa Kamukuzi. Watu walikuwa wakishuka kunyoosha miguu. Na baba akashuka.

Ni yeye. Nataka niseme hivyo wazi, kwa sababu watu huuliza. Uso ni wake, kovu la nyusi ni lake, kimo ni chake. Amekonda. Mama alimkumbatia, hakumwachia, na watu wa basi walipiga makofi. Mimi nilimnusa shingo. Hakunuka mawese. Hakunuka kitu chochote.

Nyuma yetu kijana mwenye orodha alikuwa akibishana na dereva.

"Nimepandisha ishirini na nane."

"Wako ishirini na saba. Hesabu wewe mwenyewe."

"Nimehesabu mara tatu. Tumesimama wapi?"

"Hatujasimama popote, ssebo, bwana wangu. Popote."

Sista Pulchérie aliwasikia. Alishika rozari mfukoni, nikaona kitambaa cha gauni kikitembea punje kwa punje.

Sasa ni mwezi wa pili. Élyse na Bénédicte wako darasani. Baba analima, anakula, anacheza na wadogo zangu. Ulrich alikuja kumsalimia siku moja na dumu la mawese la bure. Walipeana mikono bila kuulizana majina, kama watu waliokwisha kuonana. Ulrich hakukaa. Mpaka leo sijui aliijuaje ile Ijumaa, na nikipita kibandani kwake anajishughulisha na madumu.

Wiki iliyopita mama alikwenda kuteka maji. Nilibaki na baba mlangoni, nikimenya mihogo. Hakuna aliyemwambia kuhusu kitabu. Sista hakusema. Mimi sikusema.

"Eugénie," akaniita. "Ulitaka kusoma sana, eh?"

Kisu kilisimama.

"Sina kasirani na wewe," akasema. "Ulikuwa mutoto. Lakini njia ile ilikuwa mbaya. Tulikuwa babili."

"Wewe na nani, baba?"

"Tulitembea pamoja. Jina moja, mutu moja, ndivyo nilifikiri. Munaita, tunageuka sote." Alikuwa akitazama barabara. "Halafu siku moja hamukuita. Moja akaendelea mbele. Mwingine alishazoea kugeuka."

Nilisikia mama anarudi, anaimba, maji yanachezacheza kwenye dumu.

"Na wewe ni yupi?" nikamwuliza kwa sauti ya chini.

Alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali alipopita zamani.

"Muulize mama yako," akasema. "Yee alikuwa na hakika."

Mama aliweka dumu chini, akamwita kwa jina lake, aje amsaidie kulibeba ndani. Baba akaitika. Ila kabla ya kuitika, kama afanyavyo kila mara, alitazama kwanza nyuma ya bega lake, akangoja kidogo, kama anayempisha mtu.