Turubai Bado

Niyongabo alikuwa anatembea kinyumenyume. Katikati ya mtaa wa Muhima, saa ile malori yanashuka kwenda Nyabugogo yakipigiana honi, mtu mzima na akili zake alikuwa anarudi nyuma kama lori linaloingia gereji, jicho moja amelifumba, jingine amelibandika kwenye kamera. Alikuwa anautafuta mlima wa Jali juu ya mabati ya maduka. Akaongeza hatua moja, na mguu wake ukatua kwenye rangi mbichi.

"Weye! Toa mguu! Toa mguu kwenye U yangu!"

Aliyepiga kelele alikuwa Mukashema, mshona maturubai. Alitoka kibarazani na kitenge cha njano kiunoni, sindano ya magunia mkononi. Turubai jeupe lilikuwa limetandazwa chini kukauka, na juu yake herufi nyekundu ndefu kama meza: UMURAVA. Kwenye ile U ya kwanza, kiatu cha Niyongabo kilikuwa kimeacha alama nzima, kisigino hadi kidole.

"Mbabarira, nisamehe, dada. Sikuona."

"Na hilo dude la jichoni ni la nini kama huoni?"

Wapita njia wakacheka. Niyongabo akacheka nao, akavua kiatu, akabaki na soksi moja yenye tundu. Mukashema akaliona tundu. Aliacha shule darasa la sita, lakini kutazama hakuacha. Watu aliwatazama kama anavyotazama kitambaa, kwanza pale kitakapochanikia. Huyu, alijiambia, atachanikia kwenye kucheka.

Kumbe alikuwa amelijia turubai lenyewe. Bwana Bigirimana, mwenye malori ya Umurava, alitaka video ya lori lake jipya likipanda milima, aionyeshe kwa wanunuzi wa kahawa kwenye hoteli ya Kiyovu. Akamtafuta Niyongabo, kijana aliyekulia Buyenzi kule Bujumbura, mpiga picha za milima za kalenda, akampa kamera ya video ya kubeba begani. Dereva alikuwa Johnson, mkongwe kuliko madereva wote wa Umurava. Kilichokosekana ni turubai tu.

"Linakuwa tayari lini?" Niyongabo aliuliza.

"Likikauka."

"Na mwenye turubai? Naye anakauka lini?"

"Mimi sijamwagiwa maji," Mukashema akajibu, akainama kuficha meno.

Basi akawa anakuja kila jioni. Shati la mirabaraba, suruali ya kodrai iliyokwisha magotini, na kila mara kitu mkononi: mahindi ya kuchoma, au picha ya ukungu umelala bondeni. Asipokuja alipiga simu kwa jirani, fundi redio, ambaye alitoa kichwa dirishani na kupaza sauti mtaa mzima usikie, "Mukashema! Sheri wako tena, mpenzi wako!"

"Turubai vipi?" sauti ilikuwa inauliza ndani ya simu.

"Bado."

"Na wewe unaendeleaje?"

"Na mimi bado."

"Basi nitakuja niwaone nyote wawili."

Hapo ndipo uongo ulipoanza. Turubai lilikuwa limekauka. Mukashema alikuwa ameshalipigia pete za shaba za kupitishia kamba, amelikunja, amelisukuma chini ya meza ya kukatia. Ila ile alama ya kiatu hakuifuta yote. Akiwaza siku ambayo lori litaondoka na turubai lake, aliiona jioni isiyo na shati la mirabaraba. Kesho nitampa, alijiambia. Kesho ikifika, ulimi wake ulisema bado.

"Sasa mimi kesho napanda Shyorongi peke yangu," Niyongabo akamwambia jioni moja. "Nione mwanga unaingiaje kwenye kona. Patroni Bigirimana hataki lori litoke uchi, na mimi siwezi kukaa bure."

Ilikuwa mwaka tisini na moja. Vita vilikuwa kaskazini na watu walitazamana kwa pembeni. Mukashema alijua. Turubai lilikuwa chini ya meza, limegusa goti lake.

"Vaa koti," akasema. "Kule iko baridi."

Kesho yake mchana Johnson aliingia kibarazani kofia mkononi, na hakusalimu.

"Wamemshika. Kwenye bariyeri ya askari, chini ya Shyorongi. Wamemuuliza, unapiga picha gani? Akasema, ya lori. Lori iko wapi? Akasema, inangoja turubai." Johnson akafuta uso. "Wamecheka, dada, halafu wamemchukua. Mtu mwenye maneno ya Bujumbura, anapiga picha barabara tupu, mlima tupu. Nani atamwamini?"

"Na patroni?"

"Patroni anaogopa. Anasema hamjui."

Mukashema alipiga magoti, akaingiza mikono chini ya meza, akalivuta turubai nje. Pete za shaba zikagonga sakafu. Johnson akaziangalia zile pete, akamwangalia yeye.

"Imekuwa tayari lini hii?"

"Asubuhi," Mukashema akasema. "Leo asubuhi."

Akajichukia hapohapo, ila neno lilikuwa limeshatoka. Walilifunga turubai kwenye lori bila ruhusa ya mtu, Johnson akakamata usukani, Mukashema akakaa kando yake. Wakaenda kuegesha mbele ya nyumba alimofungiwa Niyongabo, ubavu wa lori ukielekea mlangoni. Johnson akashuka, akavua kofia.

"Wakubwa, lori mliyouliza ndiyo hii."

Askari walizunguka lori, wakagonga matairi, wakasoma herufi kwa sauti. Walimuuliza Johnson maneno mengi, naye akayajibu yote kofia kifuani. Jua lilikuwa limelala walipomtoa Niyongabo. Kamera walimrudishia, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba na hakusema kwa nini. Alipouona ule ubavu mwekundu na Mukashema chini yake, alicheka kidogo, kisha akaanza kulia.

Bigirimana alipopata habari kwamba lori lake jipya limeegeshwa mahali kama pale bila yeye kuulizwa, alimnyang'anya Johnson ufunguo mbele ya madereva wenzake. Hakuna aliyemtetea. Video ikapigwa lori likiendeshwa na dereva mwingine.

Siku ya kuionyesha, Mukashema alialikwa Kiyovu. Alivaa mushanana wa waridi wa kuazima, vazi la sherehe, na viatu vilivyombana. Ndani ya televisheni, lori likatoka kwenye ukungu wa Shyorongi, dogo kama siafu, likakua, likapita na jina lake. Wanunuzi wa kahawa wakapiga makofi. Yeye aliiona alama ya kiatu kwenye U, akakiweka kikombe cha chai mezani.

Bustanini Niyongabo akamshika mkono. "Nataka kutuma wazee kwenu waje kukuomba. Unasemaje, sheri?"

"Oya, hapana."

"Oya ya leo, ama oya ya siku zote?"

Alivua vile viatu, akateremka Kiyovu miguu mitupu, majirani wa Muhima wakimshangaa.

Tangu hapo simu ikilia kwa fundi redio alisema, "Mwambie sipo."

"Anasema hayupo," fundi redio aliiambia simu. Halafu, "Eh, ndiyo, yuko hapa kando yangu ndiye anasema."

Mwishowe Niyongabo akaja mwenyewe, mikono mitupu, akasimama nje ya kibaraza kama mtu wa kuomba maji.

"Kama ni kwa sababu nimefungwa, niambie. Mwanamke ana haki ya kuogopa. Sitakulaumu."

"Kaa chini," Mukashema akasema. Macho aliyaweka kwenye sindano. "Turubai lilikuwa tayari. Siku zote zile ulizokuja. Lilikuwa chini ya meza hii, nami nilisema bado ili urudi. Ungekwenda Shyorongi na lori, hakuna ambaye angekugusa. Huo mkono wako umeumizwa na mimi."

Barabarani lori lilipita, vikombe vikatetemeka. Niyongabo akalisindikiza kwa macho.

"Nililiona," akasema.

"Uliona nini?"

"Ukingo wake, chini ya meza, na kisigino changu juu yake. Pete zote zimepigwa. Nikafurahi, Mukashema! Nikajiambia, huyu naye hataki niondoke. Nikamwendea patroni, nikamwambia rangi haijakauka."

Sindano ikamtoka mkononi. Kwa muda wa pumzi moja moyo wake ulitaka kuruka, umpokee, ucheke. Kisha akamkumbuka Johnson amevua kofia.

"Kwa hiyo Johnson tumemponza wawili," akasema.

Niyongabo akainamisha kichwa.

"Usitume wazee. Tuanze kwake."

Walimkuta Nyakabanda, suruali ameikunja hadi magotini, anaosha magari ya watu, mke wake akimletea maji bila kuwatazama wageni. Walisema yote, kila mmoja akimkatiza mwenzake ili achukue sehemu kubwa ya kosa. Johnson aliendelea kusugua tairi.

"Mliponiona nanyang'anywa ufunguo mlikuwa wapi na haya maneno?"

Akachovya kitambaa kwenye ndoo.

"Na sasa mnataka niseme nimesamehe, muende mkaoane?"

"Hapana, mzee wangu," Mukashema akasema. "Twende wote kwa patroni. Usikie tukimwambia."

Wakaenda hivyohivyo, Johnson na maji ya sabuni miguuni. Mukashema alisema kabla hajakaribishwa kiti. Bigirimana alipiga meza, akamwita Niyongabo tapeli, akachukua kamera yake ya video na kumwambia asikanyage tena pale. Aliponyamaza hakuwa na wa kumpigia kelele tena, kwa kuwa siku ile Niyongabo alipokamatwa, mwenye kuogopa alikuwa yeye. Aliutoa ufunguo kwenye droo, akausukuma mezani bila kumtazama Johnson.

Niyongabo akarudia kalenda zake za milima. Wazee walitumwa mvua zilipokatika, na asubuhi ya harusi, Mukashema na Niyongabo wakiwa kibarazani, ikalia honi nzito. Lori la Umurava. Johnson alikuwa juu, kofia mpya kichwani.

"Pandeni! Nimeomba ruhusa safari hii, msiogope."

Mukashema, katika mushanana wake mwenyewe, alisimama kwanza ubavuni mwa lori. Jua lilikuwa limeipausha rangi, lakini kiatu kilikuwa palepale ndani ya U. Aliweka kiganja juu yake, akakificha chote.

"Mzee wangu," akauliza kwa sauti ndogo, "umetusamehe?"

Johnson alitazama barabara.

"Mimi nimewasamehe, mwanangu," akasema, akatia gia. "Mke wangu, bado."