Ankara Tisa za Uongo

SAA 3:10 ASUBUHI

Stoo ya nyuma ya duka la fotokopi ilinuka wino na jasho. Kipara alitia komeo, akaweka ndoo mezani.

"Simu zote humu."

Mpiga Picha akatumbukiza yake. Fundi akatumbukiza yake shingo upande. Dada hakuwepo. Saa hiyo alikuwa kazini, dawati la malipo, ghorofa ya tatu ya kampuni ya matangazo, akijikausha kana kwamba siku ni kama siku nyingine. Alikuwa dada wa Fundi, tumbo moja. Watoto wawili, mume hana. Bila yeye mpango wote ulikuwa porojo.

Kila mtu mle chumbani alikuwa anaidai ile kampuni. Kipara, dalali wa kazi za mkataba, alikuwa amewapelekea watu chungu nzima na hakuona kamisheni yake. Mpiga Picha aliwapigia picha za tangazo la sabuni, na mwaka wa pili huu anapigwa danadana. Lakini aliyechezewa hasa ni Fundi. Aliwatengenezea programu ya kuwalipa watu wa mkataba kwa wakati. Unaingiza ankara, siku ikifika fedha zinatoka zenyewe, hakuna cha njoo kesho. Wakaisifu, wakaiweka kwenye mtambo wao, kisha wakazima sehemu ya kulipa. Fundi mwenyewe hawakumpa hata senti. Cheka ukitaka. Yeye hakucheka.

Kipara akaupitia mpango mara ya mwisho. Saa 7:15 meneja anakwenda kula. Dada anatoa ufunguo wa benki kwenye droo ya meneja, kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta ndipo fedha ziruhusiwe kutoka. Fundi, akiwa garini mtaa wa nyuma, anawasha sehemu ya kulipa. Ankara tisa za uongo ambazo Dada aliziingiza jana zinalipwa kwenye akaunti tisa za Kipara. Saa 7:30 Dada anarudisha ufunguo na kushuka kununua maji. Saa 7:40 meneja anarudi, na msala unamwangukia yeye mwenye ufunguo.

Mpiga Picha aliuliza kuhusu ankara za zamani, zile za kweli. Fundi akamwambia zilishafutika. Si kampuni iliwaambia wadai wote kwamba zilipotea mfumo ulipobadilishwa?

Akageuka kwa Kipara. "Dada yangu anatoka saa saba na nusu. Fedha zimetoka, hazijatoka, anatoka."

"Dada yako ni dada yangu," Kipara alisema.

SAA 7:16 MCHANA

Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli cha ukuta wa kampuni. Mpiga Picha usukani, Fundi kando yake. Kipara nyuma, gazeti mapajani, na chini ya gazeti bastola. Fundi hakuwa ameambiwa habari ya bastola. Alikiona kitako chake gari lilipopita kwenye tuta.

Taa ya kijani ikawaka kwenye laptopu. Dada alikuwa amechomeka ufunguo.

Fundi akabonyeza. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo.

Hayakuwa majina ya zile ankara tisa.

Mtafsiri wa vitabu vya mashine za kufulia. Mama mmoja aliyesoma matangazo ya redio. Mchoraji wa kalenda ya miaka mitatu iliyopita. Imelipwa. Imelipwa. Imelipwa.

"Hao ni akina nani?" Kipara aliuliza.

Hapo ndipo Fundi alipoelewa. Ankara hazikufutika hata moja. Zilifichwa tu, wenyewe wasizione. Kampuni iliwadanganya wadai, na yeye, mdai kama wao, akaumeza uongo uleule mzimamzima. Na miaka mitatu nyuma, kwa hasira ya kuona watu wa mkataba wakizungushwa, aliiandika programu yake hivi: aliyesubiri kuliko wote alipwe kwanza. Zile tisa za jana zilikuwa mkiani kabisa, nyuma ya watu mia mbili na kitu.

Mpiga Picha aliona jina lake likipita, akaguna, nusu kicheko. Kipara hakuguna.

"Simamisha. Anza upya na zetu tu."

"Ni dakika kumi na tano nyingine. Dada anatakiwa atoke."

"Simamisha."

Gazeti likasogea. Mdomo wa bastola ukamgusa Fundi chini ya sikio, wa baridi. Mpiga Picha akakazia macho barabara kana kwamba hayumo. Fundi akasimamisha.

SAA 7:29

Kipara alitoa mfukoni mwake simu ya Fundi, ile aliyoikusanya kwenye ndoo asubuhi. Akampigia Dada kwa namba ileile anayoijua, kwa sauti ya asali.

"Ni mimi, mwenzake. Yuko bize. Mdogo wako anasema usitoe ufunguo. Kaa mpaka atakapokwambia."

Fundi akafungua mdomo. Bastola ikamkandamiza mpaka meno yakagongana. Upande wa pili Dada hakuuliza swali. Alisema sawa, kama mdogo wangu kasema.

Jamani, alimwamini hivyo.

SAA 7:41

Ankara ya kwanza ya uongo ikalipwa. Ya pili ikagoma. Benki ilikuwa imeshtuka, akaunti imefungwa. Juu, kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, watu wakaanza kukimbia huku na huku.

"Twende," Kipara alisema. "Moja inatosha."

"Na Dada?"

"Mpiga Picha, washa gari."

Gari likaruka. Kwenye kona Mpiga Picha alipunguza mwendo kupita kawaida, labda kwa woga, labda kwa makusudi. Fundi akasukuma mlango, akajitupa nje, akachubuka magoti yote mawili. Risasi haikuja. Akainuka, akaelekea getini.

SAA 7:52

Mlinzi hakumzuia. Alimshika tu mkono na kumpandisha ngazi.

Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha dawati lake, mikono magotini. Meneja alikuwa pale, na askari mwenye daftari.

"Mnayemtafuta ni mimi," Fundi alisema.

"Tunajua," askari alisema. "Ameshakutaja."

Dada akainua uso. Alikuwa amelia, akamaliza.

"Uliniambia nikae," alisema polepole.

Fundi alitamani kumwambia. Si mimi, Dada, niliwekewa bastola. 

Askari akafunua ukurasa. "Anasema ulimwambia ni majaribio ya programu yako. Ankara zile aziingize, ufunguo auache mpaka upige simu. Kweli si kweli?"

Ulikuwa uongo, Dada aliujua mpango wote, lakini Fundi akauona mlango wa Dada kutokea. Akimtaja Kipara, wataanza kuuliza Kipara ni nani, Dada alimjuaje, na kwa nini alimtii. Kufika jioni na Dada atakuwa jambazi.

"Kweli," alisema. "Hakujua kitu. Nilimdanganya. Nilijua atakamatwa yeye, nikamwambia akae."

Alimtazama Dada aone kama ameelewa. Hakuwa ameelewa. Lile la kumwacha akamatwe alikuwa ameliamini, na Fundi akauma meno asije akalia mbele ya watu.

Askari aliandika mpaka mwisho wa mstari, kisha akamwambia Dada anaweza kwenda kuwachukua watoto, kesho aje kituoni kuandikisha maelezo. Dada akachukua mkoba wake, akampita Fundi pale mlangoni bila kumwangalia.