Karatasi ya Mwarobaini na Dumu la Bluu

Kila asubuhi Milembe alichota maji kisimani na kuyamimina kwenye dumu la bluu. Awali dumu lilikuwa la dawa ya kuua wadudu wa pamba. Alikuwa amelisugua kwa mchanga na sabuni mara tatu mpaka likang'aa. Kijiji kizima cha Kasoli hakikuwa na dumu safi kama lile, au ndivyo alivyojisifu.

Lakini mjukuu wake, Anjela, alikuwa akitapika wiki ya pili sasa.

"Ni kisima," alisema Milembe. "Ng'ombe wa Mayige wanakichafua."

Ndipo akaja Felisita, binti wa jirani, mtafiti wa chuo kikuu.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka, mwanangu. Kapime kile kisima, Mayige akome!"

Felisita alitoa vikaratasi vya manjano. "Rangi hii imetengenezwa kwa mwarobaini."

"Huu wetu?"

"Huu huu. Tunachemsha majani na kuyachuja. Tunachanganya na chumvi ya madini ya fedha, yale ya pete. Zinatokea chembe za fedha ndogo mno, hazionekani kwa macho. Zamani tulizitengeneza kwa kemikali kali. Kisha tunazishikiza kwenye grafini, utando mwembamba wa kaboni. Zikikutana na sumu ya shambani, rangi hubadilika."

Alidondoshea karatasi maji aliyoyachota kisimani. Ikabaki ya manjano.

"Karatasi yako mbovu!" Milembe alifoka. "Jaribu ya dumu langu, uone maji safi."

Tone likaanguka. Karatasi ikawa ya kijivu.

Milembe alilivuta dumu lake karibu. "Nimeliosha mara tatu!"

"Plastiki hunyonya dawa, mayu. Sabuni haiitoi yote. Dumu la sumu halifai tena kwa maji."

"Yaani mimi ndiye ninayemnywesha sumu?"

"Karatasi inatuonya tu, bado tunaifanyia utafiti. Maji nitayapeleka maabara. Mtoto twende naye zahanati sasa hivi. Huko utaje na jina la dawa iliyokuwa dumuni."

Maabara ilithibitisha sumu. Anjela alitibiwa, akaanza kunywa maji ya ndoo mpya, akapona. Milembe alilitoboa dumu lake, likapelekwa kwa bwana shamba pamoja na makopo mengine ya dawa.

Kisha akaenda kumwomba Mayige radhi. Uani alimkuta mke wa Mayige akichota maji ya kunywa kwenye dumu lingine la bluu.

"Usinywe!" Milembe alipiga kelele.

Mayige alishangaa. "Kwa nini? Si ulitupatia dumu hili wewe mwenyewe, ukasema umeliosha vizuri?"

Milembe alimwaga maji ya dumu lile.

"Nipeni msumari," akasema, "halafu twende wote zahanati."