Mgeni Aliyeomba Chai kwa Mgonjwa

Maduka ya Mayfair, Johannesburg, yalipoanza kufungua milango asubuhi, Tabia alikuwa keshamaliza nusu ya kazi zake. Alikuwa amemwosha mumewe uso, amemvisha kanzu, na sasa anamlisha uji.

"Kijiko kimoja tu, baba Bushra. Cha mwisho."

Burhani alifumba mdomo, akatazama ukuta.

Huyu Burhani ndiye yule aliyekuwa akiuza chai ya tangawizi kando ya barabara, karibu na robot, zile taa za kuongozea magari. Mzanzibari wa maneno! Wateja walikuja kwa chai, wakabaki kwa utani wake. Mwaka 2017 alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea. Ulimi Mungu alimwachia, lakini tangu alipotoka hospitalini alikuwa hataki kusema. Sasa hata kula hataki, na kanzu zilimpwaya.

Tabia alikuwa haogopi tena kiharusi. Aliogopa ule ukimya. Alimpenda mno mumewe, na kadiri alivyoogopa kumpoteza ndivyo alivyozidi kumfanyia kila kitu. Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga, na Tabia wa Tanga hakuwa mtu wa kuwabishia wahenga.

Siku moja kliniki ilituma mtu nyumbani kwao. Tabia alitandika shuka safi, akangoja daktari mwenye sindano. Akaingia msichana wa Kikongo mwenye mkoba mkubwa. Jina lake Angélique. Alikuja Johannesburg na wazazi wake akiwa mdogo, akasomea hapa hapa.

"Jambo baba, jambo mama. Mi niko mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Ku hospitali wanatuita OT."

Akafungua mkoba. Tabia akachungulia. Hamna sindano. Hamna vidonge. Mlikuwa na kijiko chenye mpini mnene wa sponji, na kipande cha mpira.

Angélique akamgeukia mgonjwa. "Baba, nimesikia chai yako inajulikana Mayfair yote. Utanipikia kikombe kimoja?"

Tabia akasimama wima. "Mwanangu! Umekuja kutibu au umekuja kutembea? Mtu mgonjwa huyu! Chai nitakupikia mimi!" Na birika alikuwa keshalishika.

"Hapana mama. Ya kwako nitakunywa siku ingine. Leo nataka ya baba."

Ishaka, jirani yao, alikuwa amekuja kumjulia hali rafiki yake. Akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Shemeji, huyu mtaalamu kweli? Hata yule bwana wa mwezi uliopita alikuja na koti jeupe."

Bwana yule alijiita mtaalamu wa kila kitu: dawa, sindano, kuchua. Alimpaka Burhani mafuta, akamwambia aache vidonge vya presha, kisha akatoweka. Bahati nzuri Tabia hakumsikiliza.

Angélique hakukasirika. "Eh, uliza vile vile, papa. Kila mutu anayefanya kazi hii, jina yake lazima iandikwe kwa Baraza la wataalamu wa afya. Bila vile, sheria inamukataza. Namba yangu ni hii. Angalia ku simu."

Ishaka akatafuta. "Eish! Yumo, shemeji. Yumo kweli."

"Basi kama umo," Tabia akasema, birika bado mkononi, "nipunguzie hivi vidonge vya presha. Vinamtia kizunguzungu."

"Siwezi, mama. Hata kimoja. Sheria haikunipa ile kazi. Dawa iko ya daktari. Leo nitamwandikia juu ya kizunguzungu, na baba asiache vidonge mpaka daktari aseme."

"Na sindano?"

"Si yangu."

"Sasa yako ni ipi?"

"Yangu ni vitu vya kila siku, mama. Kula, kuoga, kuvaa, kupika chai. Ninaangalia nini inamushinda baba, halafu tunatafuta namna afanye yeye mwenyewe. Sasa nitajuaje mikono ya baba inaweza nini, kama mama anafanya yote?"

Tabia akaliweka birika mezani.

"Mimi sili kwa mkono wa kushoto mbele za watu," Burhani akasema ghafla. Wote wakageuka. Alikuwa hajasema maneno mengi hivyo tangu alipougua. "Na kulishwa kama kitoto sitaki. Bora njaa."

Macho ya Tabia yakajaa machozi. Kumbe mumewe hakuwa ameuchukia uji. Alikichukia kile kijiko kilichotoka mkononi mwa mwingine.

"Kushoto ao kulia, ile ni ya imamu, baba," Angélique akasema. "Vidonge ni vya daktari. Lakini kijiko..." Akakiinua kile chenye mpini mnene. "Kijiko iko yangu."

Burhani akacheka. Kicheko kidogo, cha upande mmoja wa mdomo, lakini alicheka.

Angélique akamweka kwenye kiti kirefu, mezani. Akaweka mpira chini ya kikombe kisiteleze. Akatia maji kidogo tu kwenye birika, akasimama karibu naye. Burhani akachota sukari, ikamwagika. Mikono ya Tabia ikaruka kwenda kusaidia.

"Mama, na wewe niko na dawa yako. Kaa. Kalia mikono yako."

"Si umesema dawa ni ya daktari?"

"Hii sheria inaniruhusu."

Tabia akaikalia. Chai ikatoka nusu kikombe, nusu mezani. Angélique aliinywa yote.

Baada ya siku ile aliendelea kuja. Aliwaonyesha kuvaa kanzu kwa kuanza na mkono dhaifu. Bafuni akaweka kiti. Daktari naye alisoma barua, akampima Burhani, akabadilisha vidonge, na kizunguzungu kikapungua. Mkono wa kulia ukajifunza kukishika kile kijiko kinene, na uji ukawa unaisha bakulini.

Idi ilipofika, nyumba ilijaa wageni. Burhani alikaa nao kwenye sinia la pilau, kijiko kinene mkono wa kulia. Alikula polepole. Wali mwingine ulimwangukia kanzuni, akaendelea.

Mgeni mmoja akamwona Tabia kwenye kiti pembeni, amekaa wima, mikono yote miwili chini ya mapaja.

"Shemeji, umepatwa na nini?"

Burhani alimeza kwanza tonge lake.

"Mwache," akasema. "Anafanya mazoezi yake."